Ukuta wa Majina Kando ya Mto Mulongwe

Ninyi mnaotaka kazi ya kuupamba mji, nunueni kitambaa kabla ya brashi. Kiwe kikubwa, kiwe kipya, na kama inawezekana kiwe na rangi za bendera. Katika miaka yangu yote ya kazi hapa Uvira nimeona sanamu ikizinduliwa kabla haijapata kichwa. Nimeona ukuta mtupu ukizinduliwa kwa sababu rangi ilikuwa bado iko njiani. Lakini uzinduzi bila kitambaa sijauona hata siku moja. Mkubwa hawezi kusimama mbele ya watu mikono mitupu. Lazima avute kitu, kianguke, watu wapige makofi. Kilichoko nyuma ya kitambaa ni shauri la baadaye.

Mimi sasa nimestaafu. Magoti yamekataa kupanda ngazi na macho yamekataa mistari midogo. Shuleni nilifika mwaka wa sita wa msingi tu, kwa hiyo msitafute hapa maneno makubwa. Nimeombwa niwaeleze kazi, nami nitaeleza kazi, pamoja na makosa yangu, maana makosa ndiyo niliyoyajua vizuri kuliko vyote.

Mji wetu una sera ya kuunga mkono sanaa. Msicheke. Iko katika karatasi nne, na nilisomewa mwenyewe na katibu wa Kamati ya Urembo wa Mji, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Karatasi ya kwanza inasema msanii ni nguzo ya mji. Ya pili inasema nguzo hiyo haitasimama mahali popote bila kibali. Mbili zilizobaki ni sahihi za wakubwa na mihuri. Mahali fulani katikati pameandikwa kwamba msanii "atasindikizwa" katika kazi yake. Kweli walinisindikiza. Nilipokuwa nachanganya simenti ya sanamu yangu ya kwanza, walikuja watu saba kuniangalia. Jua lilikuwa kali, na mmoja wao alikuja na mwavuli. Alijifunika mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Kashindi, mtu mfupi wa mtaa wa Rugenge, aliyeanza kwa kujengea makaburi watu wenye uwezo. Siku ya kwanza hakunipa mwiko wala timazi. Alinipa mchanga.

"Tia mu kinywa," aliniambia.

Nikadhani ananitania.

"Tia, nakuambia! Tafuna kidogo. Inauma?"

"Hapana, Papa Fundi."

"Basi huo ni muchanga wa ziwa. Mawimbi yameusugua mpaka umekuwa laini kama muntu wa biro, anayeshinda kitini. Muchanga usiouma meno hautashika simenti. Tema."

Kisha akanipa mwingine, wa mto Mulongwe, na huo uliuma kweli. Lakini mchanga wa mto una tope, akasema, na tope ni mgeni anayelala kati ya simenti na chembe na kuwatenganisha. Chukueni chupa, tieni mchanga nusu, jazeni maji, tikiseni, muiache mpaka maji yatulie. Tope litakaa juu ya mchanga kama krimu. Likiwa jembamba kama ukucha, endeleeni na kazi. Likiwa nene kama kidole, osheni mchanga huo tena na tena, hata kama mkubwa amekwishapanga siku ya kuvuta kitambaa.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Nilishindwa nalo mapema. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja, na kamati ikataka uso wake uchorwe kwenye ukuta unaotazama ziwa, katikati ya miezi ya mvua. Fundi Kashindi akaniambia nibandike kipande cha plastiki ukutani jioni, nikitazame asubuhi. Nikakibandika. Asubuhi kilikuwa na jasho ndani, maana yake ukuta ulikuwa bado unatoa maji. "Ngoja," akasema. Mimi sikungoja. Nilikuwa kijana, nilitaka kusifiwa. Nikachora, na uso ukatoka mzuri kuliko mwenyewe.

Baada ya siku kumi shavu la kushoto likavimba. Rangi ilikuwa imeachana na ukuta na kujaa hewa. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisimama.

"Mukubwa iko na jino," mmoja alisema.

"Pole yake. Mumwambie asukutue na maji ya chumvi."

Juma lililofuata na jicho likavimba. Kamati ilikutana. Mimi nilikuwa nje, nimejiandaa kusema kosa ni langu, lakini hakuna aliyeniuliza. Walitoka na uamuzi: waliweka askari mmoja mbele ya ukuta, awazuie watu kucheka. Yule askari alikaa pale mwezi mzima, mgongo wake kwa uso wa mkubwa, na siku niliyomuuliza kwa nini hageuki, alinijibu kwamba akigeuka atavunja sheria yeye mwenyewe.

Sasa niwaeleze habari ya ndagala, maana bado kuna watu wanaonionyesha kidole kwa ajili yake.

Kamati iliamua kwamba kwenye mzunguko wa barabara kuu pawekwe sanamu ya samaki anayelisha mji. Wazo zuri kabisa. Samaki huyo ni ndagala, mdogo kama kidole cha mtoto, lakini ndiye aliyetukuza sote. Tatizo lilikuwa ni maandishi. Karatasi ya kazi ilisema: "ndagala mmoja, urefu wa mita tatu." Nilimwonyesha mke wangu.

Mke wangu aliitwa Mapendo Nabintu, lakini wote walimwita Mama Riziki, kwa jina la binti yetu. Alikuwa na mahali pake pa kuanika na kuuzia ndagala karibu na mdomo wa mto Mulongwe. Alisoma ile karatasi mara mbili, akaketi chini kabisa ili acheke vizuri.

"Papa Riziki, ndagala mumoja ni ndagala gani? Ndagala mumoja hata paka inamuruka! Weye umenunua ndagala mumoja siku gani?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Basi uwaambie wapike huyo mumoja, wale kamati yote."

Alikuwa na haki. Ndagala ni fungu. Ni bakuli iliyojaa mpaka wengine wanamwagika, na muuzaji anaongeza konzi moja juu, na mnunuzi anaomba nyingine. Nilirudi kwa katibu nikamwomba niwafanye mia moja, wadogo, wanaong'aa, kama kundi linalopanda usiku kufuata taa. Akasema karatasi imekwisha kupigwa muhuri, na muhuri haujui wingi.

Nikamfanya mmoja, wa mita tatu. Sasa niambieni, ndagala akiwa na mita tatu, ataendelea kuwa ndagala? Siku kitambaa kilipoanguka, watu wa ziwani walimzunguka kwanza. Kisha mvuvi mmoja akasema ni sangala, yule samaki mkubwa wa ziwa. Mwingine akasema ni mamba aliyekatwa miguu. Mke wangu alikuwa mbele kabisa, akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, machozi ya kicheko yakimtoka, ili nisione haya. Chini ya sanamu waliweka bamba lenye majina ya wakubwa, na majina yalikuwa mengi kuliko magamba. Langu halikuwemo, na kwa mara ya kwanza nilishukuru.

Yule samaki alikaa pale mpaka lori la mpunga kutoka Luberizi lilipomgonga. Lori halikupata hata mkwaruzo, samaki akawa vipande. Taarifa ya kamati ilisema sanamu "imehamishwa kwa ajili ya usalama wa barabara."

Nawaeleza haya kwa kicheko kwa sababu mke wangu ndiye aliyenifundisha kuyacheka. Baadaye mto ukatoka.

Wengi wenu mnakumbuka, sitarefusha. Mvua ilinyesha milimani, na Mulongwe ikashuka na mawe makubwa kama nyumba, ikachukua nyumba. Mama Riziki alikuwa amekwenda kuokoa ndagala wake waliokuwa wameanikwa. Waliomwona mwisho walisema alikuwa amefunga kitenge kiunoni na kubeba beseni kichwani, anarudi mara ya pili. Tulimtafuta siku nyingi. Nilipita pwani kwa miguu kuelekea kusini, nikiuliza kila kijiji. Ziwa hili ni refu sana na ni la kina sana, na halitoi maelezo.

Riziki, binti yetu, alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alisema mama hawezi kukaa bila kaburi. Kwetu mtu asipopatikana, familia inaweza kuzika nguo yake, ili wapate mahali pa kulilia. Tukachukua kitenge chake kizuri cha kwenda misani, tukakikunja, tukakitia kwenye sanduku, tukakizika. Katekista aliomba. Shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa wetu, alikuja, alisimama pamoja nasi, akatupa konzi ya udongo kama watu wote.

Zaidi ya mwaka ulipita. Ndipo Kamati ya Urembo wa Mji ikaamua kujenga ukuta wa kumbukumbu karibu na daraja, wenye majina ya waliochukuliwa na mto. Kazi nikapewa mimi. Nawaambia kweli, nililia nilipoipata. Niliwaza: safari hii tu, karatasi ni sawa. Wazo ni sawa. Mchanga nitaosha mwenyewe.

Lakini sera ilikuwepo. Jina litakaloandikwa ni la mtu aliye na hati ya kifo, ile tunayoita atestasiyo. Hati inatoka kwa shefu wa kartie, na shefu anaitoa kama maiti ilizikwa. Nikaenda kwake. Alikuwa mtu mwema, tunajuana tangu utoto. Akachukua fomu, akaanza kujaza kwa mwandiko wake mkubwa.

"Jina: Mapendo Nabintu. Amezikwa: ndiyo, minye mwenyewe nilikuwako." Akainua kichwa. "Papa Riziki, ni utaratibu tu, lazima nikuulize. Mwili ulikuwa mu sanduku?"

Riziki alikuwa ameketi karibu nami. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Hapana," nikasema. "Kilikuwa kitenge."

Shefu akaweka kalamu chini polepole. Alinitazama kama mtu anayeomba umrudishie kitu chake.

"Papa Riziki, sikusikia vizuri. Nikuulize tena?"

"Ulisikia, shefu. Ni kitenge chake cha misani."

"Basi minye nitaandika nini? Fomu haina mahali pa kitenge."

Tulitoka bila hati. Riziki alitangulia mbele mpaka nyumbani. Hapo ndipo aliposema.

"Papa, ungenyamaza tu! Hakukuomba useme uongo. Alikuomba unyamaze!"

"Aliniuliza, mwanangu."

"Ziwa lilichukua mwili. Weye umechukua jina."

Akafunga nguo zake, akahamia kwa shangazi yake Rugenge. Tangu siku hiyo, tukikutana barabarani, aliniamkia kwa adabu kabisa: "Jambo, Muzee." Kama unavyomwamkia mzee yeyote aliyekaa mlangoni kwake. Neno Papa sikulisikia tena kinywani mwake. Alirithi mahali pa mama yake mtoni, akauza ndagala, na wateja walisema konzi ya kuongeza ni ile ile ya mama. Mimi nilizisikia habari hizo kwa wateja.

Wengine mtasema nilikuwa mjinga, na sitabishana nanyi. Nimelala juu ya swali hilo usiku mwingi. Sikusema kweli kwa sababu mimi ni mtakatifu. Niliulizwa habari za mke wangu, na sikuweza kusema yuko mahali ambapo hayuko.

Basi nikaandika majina ya wenzake. Kila jina lilikuwa na kibao chake cha simenti, upana wa tofali. Sikilizeni vizuri hapa, maana siku moja mtaihitaji kazi hii. Herufi za kukandamiza katika simenti zina saa yake. Ikiwa mbichi sana, herufi zinajifunga zenyewe. Ikiwa kavu, kingo zinavunjika. Gusa kwa kidole: kikitoka kikavu lakini kimeacha alama, hapo ndipo. Anza herufi ya katikati ya jina, uende kulia, kisha urudi kushoto. Baadaye funika kibao na magunia yaliyolowa kwa siku saba, uyamwagilie asubuhi na jioni. Simenti inayokauka haraka ni kama mtu anayesahau haraka, itapasuka.

Mkataba wangu ulikuwa na kifungu kimoja nilichokipenda: "Fundi atarekebisha kasoro yoyote ya ukuta ndani ya mwaka mmoja, bila kungoja agizo." Katibu alinieleza kwamba waliweka kifungu hicho ili wasisumbuliwe.

Ukuta ukazinduliwa. Kitambaa kikavutwa, kikakwama kwenye msumari, kikavutwa tena. Mkubwa mmoja alisema mji hautasahau hata mmoja wa watoto wake. Nilitazama katika umati nikamwona Riziki. Alikuwa anasoma vibao kwa mpangilio, safu kwa safu, midomo ikitembea. Alifika mwisho, akageuka, akaenda zake.

Miezi mitatu baadaye akatokea Byamungu.

Byamungu alikuwa fundi wa baiskeli wa kartie yetu, na jina lake lilikuwa katika safu ya pili. Siku mbili kabla mto haujatoka alikuwa amegombana na kaka yake, Safari, akaondoka kwa hasira kwenda kuvuna mpunga Luberizi. Hakumuaga mtu, na kwa kiburi hakupiga simu. Watu wa kwake walipata koti lake kwenye tope, wakalizika. Shefu alimuuliza Safari kama mwili ulikuwa ndani, na Safari akajibu "Ndiyo" bila kupepesa. Hati ikatoka siku ile ile. Kule Luberizi Byamungu akakaa, akalima, akanenepa, mpaka dereva mmoja wa lori alipomwambia kwamba ameliona jina lake limeandikwa vizuri sana karibu na daraja.

Nilikuwa pale nikiosha vumbi la ukuta alipofika na baiskeli. Akasoma. Akashuka. Akasoma tena kwa kidole.

"Huyu ni minye!"

Mama mmoja aliyekuwa akipita na mihogo akasimama. "Ni ndugu yako?"

"Ni minye mwenyewe, mama. Byamungu!"

"Pole sana," akasema yule mama, akaendelea na safari yake.

Tulikwenda naye kwa katibu. Katibu alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akafungua faili.

"Ndugu Byamungu, sisi hatuna shida na weye. Shida iko na karatasi. Karatasi inasema umekufa."

"Lakini unaniona!"

"Nakuona vizuri. Kuona si utaratibu. Ulete barua ya shefu wa kartie inayosema uko hai."

"Nitaiomba leo."

"Hapana, weye hauwezi kuiomba. Marehemu haombi. Iombwe na familia, na yule aliyetangaza kifo."

Aliyetangaza kifo ni Safari. Safari alimkumbatia ndugu yake, akamchinjia kuku, akalia machozi ya kweli, lakini alipoambiwa habari ya barua akakumbuka shughuli nyingine. Akienda kwa shefu kusema ndugu yake yu hai, atalazimika kueleza ni nani aliyekuwa sandukuni. Kila juma alikuwa na udhuru mpya, na kila juma Byamungu alipita darajani akiona watu wameweka maua chini ya jina lake. Mwanzoni alijisikia vizuri. Aliniambia hajawahi kupewa maua alipokuwa hai. Baadaye usingizi ukamwacha. Akaja kwangu.

"Papa Fundi, uniondoe pale. Nikipita naona baridi. Ni kama ukuta unaningoja."

"Sina agizo, mwanangu."

"Basi hata kama si kwa ajili ya minye, kuna muntu mwingine anayetaka hiyo nafasi! Ukuta mzima huu hauna muntu aliyekosa kuandikwa?"

Hakujua. Alikuwa Luberizi wakati ule, hakuna aliyemweleza habari za Mama Riziki. Alisema tu kama mtu anayetoa kiti. Nami nikaketi chini palepale, hata akaniuliza kama naumwa.

Usiku ule nikausoma mkataba wangu upya, polepole, kwa shule yangu ya mwaka wa sita. Kasoro yoyote ya ukuta. Nikajiuliza: mtu mzima mwenye baiskeli na kitambi, kuandikwa kati ya marehemu, ni kasoro au si kasoro? Nikaona ni kasoro. Na nikimtoa nikaacha shimo, shimo nalo ni kasoro. Uongo ulikuwa tayari uko ukutani, na mikono yangu ndiyo iliyoupachika. Kwa shefu nilikuwa nimekataa kusema uongo, kisha kwa siku saba nikaumwagilia uongo wa mwingine maji asubuhi na jioni.

Nikaiandikia kamati barua. Nikaeleza kila kitu: ni kibao gani nitakitoa, ni kibao gani nitakitia, siku gani, saa ngapi, na kwa kifungu gani. Nikaipeleka kwa mkono, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Hawakujibu. Nikafanya kibao kipya, nikakilaza chini ya magunia siku saba.

Nilichagua saa sita mchana, siku ya soko, maana nilitaka kila mtu aone. Byamungu alinishikia ngazi. Patasi yangu ilipogusa kibao chake, alifumba macho na kuniomba nigonge taratibu.

"Mama yangu!" akasema kilipotoka. Akakichukua, akakifuta vumbi kwa shati lake, akaketi nacho kando ya barabara, amekikumbatia.

Watu wakajaa. Nikaweka simenti mbichi, nikapachika kibao kipya, nikapima kwa uzi. Kibao kipya huwa cheupe kuliko vingine. Kuna mafundi wanaokipaka moshi au chai ili kifanane na wenzake. Najua kufanya hivyo, nimefanya mara nyingi kwenye makaburi ya wenye haraka. Safari hii sikukipaka kitu. Mapendo Nabintu alionekana kutoka ng'ambo ya daraja.

Ndipo katibu akaja, kalamu tatu mfukoni, pamoja na maajenti wawili wa mji. Alikuwa na faili mkononi na jasho usoni.

"Papa Fundi, tumeambiwa unabomoa ukuta wa serikali."

"Narekebisha, katibu. Niliwaandikia barua."

"Barua iko mu utaratibu." Akafungua faili. "Nyamaza kidogo, nahesabu."

Akahesabu vibao safu kwa safu, kwa kalamu, akinong'ona. Alipotea katika safu ya nne, akaanza upya. Umati wote ulimngoja. Alipomaliza akatazama faili, akatazama ukuta.

"Hesabu iko sawa," akasema. Akapumua.

"Lakini kimoja nimekibadilisha," nikamwambia. "Ni hiki cheupe. Usome jina. Katika faili yako halimo."

Akanisogelea karibu sana, mpaka nikasikia pumzi yake.

"Papa," akasema kwa sauti ya chini, "minye nilitumwa kuhesabu. Sikutumwa kusoma."

"Lakini andika kwamba nilikuambia."

Alifuta jasho, akautazama ukuta tena. Kisha akatoa kalamu moja, akaandika mstari mmoja chini ya ukurasa, akanionyesha. Aliandika: "Fundi amesema." Hakuandika nimesema nini. Akatia sahihi, akaondoka na maajenti wake, na mmoja wao aliinamisha kofia mbele ya ukuta alipopita.

Nilibaki nikikusanya vyombo. Watu walianza kurudi sokoni. Nilikuwa nasugua mwiko na maji nilipoona miguu imesimama karibu na ndoo yangu, miguu yenye magamba ya ndagala yaliyokauka.

Riziki alikuwa na beseni kichwani. Alilishusha, akaliweka chini. Akakaribia ukuta, akalisoma jina la mama yake, akalipitia kwa kidole herufi kwa herufi, na mimi nikataka kumwambia simenti bado mbichi pembeni, asiguse, lakini sikusema. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha daraja kikasogea. Hakulia. Kisha akajifuta mkono kwenye kitenge, akanigeukia, akanitazama juu mpaka chini, na vumbi langu lote.

"Papa, umekula?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa sijala.